Rafu Zinazovaa Akala: Shajara ya Mradi wa Fanicha za Karatasi, Kisumu

Tarehe 4 Februari

Leo tumefungua daftari hili. Karakana yetu iko Manyatta, katika chumba kilichokuwa ghala la mahindi, na tuko watatu: mimi ninayechora na kuweka hesabu, fundi mzee aliyeranda mbao katika soko la Kibuye kwa zaidi ya miaka thelathini, na kijana anayeweza kuvuta kisu cha kukatia urefu wa mita mbili bila kupinda mstari. Tunataka kutengeneza fanicha kwa kadibodi iliyokwisha kutumika, kwa ajili ya mpangaji wa chumba kimoja, yaani yule anayeishi katika bedsita ya ghorofa ya tatu isiyo na lifti, ambaye huenda akahama kabla ya mwaka kwisha, na ambaye kila anapohama kabati lake la mbao humgharimu nauli ya mkokoteni na jasho la watu wawili kwenye ngazi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1972 msanifu majengo Frank Gehry alitoa Marekani seti ya viti na meza alizoziita Easy Edges, zilizoundwa kwa tabaka nyingi za kadibodi zilizogundishwa pamoja, na kiti chake kimoja chenye umbo la nyoka anayejikunja bado kinauzwa hadi leo, ingawa kwa bei ambayo hapa Kisumu ingelipa kodi ya nyumba kwa miezi mingi. Mjapani Shigeru Ban naye aliwajengea nyumba za mabomba ya karatasi watu walioathiriwa na tetemeko la Kobe mwaka 1995, na mwaka 1999 makao hamsini ya namna hiyo yakajengwa kwa majaribio katika kambi ya wakimbizi ya Byumba nchini Rwanda. Chanzo cha majaribio hayo ya Rwanda kinanivutia kuliko majengo yenyewe: wakimbizi walikuwa wakipewa turubai na nguzo za alumini, nguzo wakaziuza kwa sababu zilikuwa na thamani, kisha wakakata miti ili kupata nguzo nyingine. Karatasi ilifaa kwa kuwa hakuna aliyeona sababu ya kuiuza.

Fundi mzee ameyasikiliza hayo yote kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, mbao ikilowa hukauka. Karatasi ikilowa huwa uji." Nimeyaandika maneno yake kwenye jalada la ndani la daftari. Amekubali kuja hata hivyo, na sababu yake ni ya kibiashara: tangu serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, mbao nzuri zilimpanda bei mkononi, akajikuta akinunua mikaratusi michanga inayopinda kabla kabati halijafika kwa mwenyewe.

Tarehe 9 Februari

Wiki nzima imekwenda katika kutafuta maboksi. Nilidhani hii ndiyo ingekuwa sehemu rahisi, kwa sababu mji umejaa katoni, lakini katoni si kitu kimoja. Boksi la kawaida la sabuni au la tambi lina ukuta mmoja, yaani karatasi mbili bapa zilizotenganishwa na karatasi moja ya mawimbi, na unene wake ni milimita tatu au nne. Boksi la friji au la televisheni kubwa lina ukuta maradufu, karatasi tatu bapa na mbili za mawimbi, na unene unakaribia milimita saba. Tofauti ya ugumu kati ya hizo mbili si ya maradufu tu. Ukishika ubao wa namna ya pili kwa ncha zake na kujaribu kuukunja, mikono ndiyo inayochoka kwanza.

Tumeafikiana na wakusanyaji wawili wanaozunguka na mikokoteni nyuma ya maduka ya vifaa vya umeme. Wao huuza katoni kwa kilo kwa wenye mizani, nao wenye mizani huzipeleka viwandani zikarudi kuwa karatasi. Sisi tunawaongezea shilingi tano juu ya bei ya mizani kwa kila kilo ya ukuta maradufu, kwa sharti kwamba boksi lisikunjwe katikati, kwa sababu mahali palipokunjwa mawimbi huwa yamekwisha kufa na hapabebi kitu tena. Sharti hilo limezua mabishano, maana boksi la friji lisilokunjwa hujaza mkokoteni peke yake. Tumemaliza kwa kukubali mkunjo kwenye mistari ya kiwandani pekee.

Maboksi ya samaki, ya mayai na ya kuku tumeyakataa yote. Mafuta yakishaingia kwenye karatasi hayatoki, na ndani ya mawimbi ndiko mende wanakoficha mayai yao. Hata maboksi tuliyoyakubali tunayafunika kwa nailoni nyeusi na kuyaacha juani siku nzima kabla hayajaingia ndani, kwa kuwa mteja akiletewa mende pamoja na rafu hatazungumza habari ya mazingira.

Jambo jingine nimelijua kwa jicho kabla ya kulisoma. Kadibodi ya rangi ya kahawia iliyokolea, inayotoa mlio mkavu ikigongwa kwa kucha, imetengenezwa kwa nyuzi ndefu za miti kama msonobari zinazotumika kwa mara ya kwanza. Ile ya kijivu inayotoa mlio wa kitambaa imekwisha kupikwa upya mara nyingi, na kila inapopikwa nyuzi zake hufupika. Nilikulia upande wa Webuye, ambako kiwanda cha karatasi kilifanya kazi tangu 1974 hadi kilipofungwa 2009, na harufu ya magogo yakipikwa kuwa karatasi naijua kama wengine wanavyojua harufu ya miwa ikisagwa Mumias. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekaa chini nikigonga maboksi kwa kucha ili kutambua ni lipi limetokana na mti moja kwa moja na ni lipi limezaliwa mara ya tano.

Tarehe 17 Februari

Stuli ya kwanza imesimama. Ina vipande sita vya wima vilivyopasuliwa nusu na kuingizwa kimoja ndani ya kingine, vitatu kwa vitatu, kama vigawanyo vya kreti ya soda, na juu yake kuna tabaka tatu za kadibodi zilizogundishwa. Kimo chake ni sentimita 42 na uzito wake haufiki kilo mbili.

Kila kitu kimo katika mwelekeo wa mawimbi. Mawimbi yakisimama wima, kila mfereji mdogo huwa kama nguzo, na kipande kimoja huwa na mamia ya nguzo zinazobeba kwa pamoja. Yakilala, kipande kilekile hukunjika kama pazia. Kijana wetu alikata vipande viwili kwa upande usiofaa ili kubana nafasi kwenye ubao, na kwa macho hukuweza kuona kosa lolote. Tuliweka mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, stuli ikainama upande huo taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani. Tulibadilisha vipande vile viwili. Mfuko wa kwanza ukakaa, wa pili ukakaa, wa tatu ukakaa. Wa nne hatukuuweka, kwa sababu saruji ni ya kuazima.

Fundi mzee alizunguka ile stuli yenye kilo 150 mara mbili bila kusema neno, kisha akakaa kwenye kiti chake cha mbao akaendelea kunoa randa. Nimeichukua kuwa ni sifa.

Mifuko miwili tumeiacha juu yake. Nitapima kimo chake kila jioni, kwa sababu karatasi ina tabia ambayo chuma hakina: mzigo inaoweza kuubeba kwa dakika tano huenda isiweze kuubeba kwa miezi mitano. Huinama polepole chini ya uzito usioondoka, na fanicha, tofauti na boksi la kusafirishia bidhaa, kazi yake ni kubeba uzito usioondoka.

Tarehe 26 Februari

Gundi imetupa somo la gharama. Sikutaka gundi nyeupe ya mbao, kwa kuwa ni plastiki iliyo majimaji na bei yake ingemeza faida yote, hivyo tuliamua kupika wanga wa muhogo. Muhogo unatoka Busia na Teso kwa wingi, na wanga wake si mgeni kwa mtu yeyote aliyewahi kupiga pasi shati la shule. Sehemu moja ya wanga kwa sehemu tisa za maji, unaukoroga ukiwa baridi kwanza, kisha unaupasha taratibu. Ukipita nyuzi joto sitini na kitu, maji meupe hugeuka ghafla kuwa uji unaong'aa, na hapo unaondoa sufuria. Tunaongeza boraksi kidogo, aina ya chumvi ya madini, kwa sababu huifanya gundi ishike haraka zaidi na huwakatisha wadudu tamaa. Ikizidi, gundi inakuwa kama mpira na haipakiki. Chombo cha boraksi kina mfuniko na kimewekwa juu, mbali na watoto wa jirani wanaopenda kuja kutazama.

Kosa lilikuwa la haraka yangu. Nilitaka sehemu nene ya juu ya meza, tukagundisha tabaka kumi kwa siku moja na kuziweka chini ya mawe. Baada ya siku nne zilikuwa zimekauka pembeni, tukafurahi, tukaipiga msasa. Siku ya sita kulikuwa na harufu. Tulipoipasua katikati tulikuta tabaka za ndani bado zimelowa na zimejaa ukungu wa kijani uliotambaa ndani ya mifereji yote, tangu ncha hadi ncha, kwa unadhifu ambao hata sisi hatujaufikia. Gundi ya wanga ni maji kwa sehemu kubwa, na maji yale yalikuwa yamefungiwa ndani pamoja na chakula, maana wanga ni chakula.

Sasa utaratibu ni huu: tabaka mbili tu kwa wakati mmoja, gundi ipakwe nyembamba kwa brashi na kukwanguliwa kwa kipande cha plastiki, siku mbili chini ya uzito, kisha siku moja zikisimama wima ili upepo upite ndani ya mifereji. Baada ya hapo jozi zilizokauka ndizo zinazounganishwa. Tabaka hizi tunazipishanisha, moja mawimbi yake yakienda huku na nyingine yakienda kule, ili bapa lisipinde upande mmoja. Ndivyo zilivyopangwa hata zile za Easy Edges. Meza moja inachukua siku kumi na moja. Fundi anasema mbao ingemchukua mbili.

Tarehe 8 Machi

Watu wengi wanaopita hapa wanauliza kwa nini hatutumii gugu maji la ziwani, nasi tumelijaribu ili tuwe na jibu. Zaidi ya asilimia tisini ya gugu lililovuliwa ni maji, hivyo mkokoteni mzima unabaki kikapu kimoja likikauka. Tulichemsha mabua kwa majivu, tukatwanga, tukamimina juu ya wavu. Karatasi iliyopatikana ni nzuri kwa macho, ina nyuzi za rangi ya asali, lakini ikikauka husinyaa vibaya na haina nguvu ya kubeba chochote. Tutaitumia kufunika kingo za rafu kwa mapambo. Wasusi wa Dunga wanaotumia mabua mazima kusuka viti wamelielewa gugu kuliko sisi.

Tarehe 15 Machi

Nimefanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya Februari. Stuli moja inatugharimu shilingi 430 kwa boksi, gundi, mkaa wa kupikia na siku za kazi, nikimlipa kijana haki yake. Stuli ya plastiki pale sokoni Kibuye inauzwa kwa bei hiyohiyo au chini yake, inaoshwa kwa maji na inaweza kuachwa nje usiku. Hakuna mpangaji mwenye akili timamu atakayeiacha kwa ajili ya yetu, na sitamlaumu.

Stuli imeondolewa kwenye mradi. Kilichobaki ni vitu ambavyo plastiki huvifanya vibaya na mbao huvifanya kwa uzito mkubwa: rafu ndefu ya vitabu, vyombo na viatu, kigawa-chumba cha kutenganisha kitanda na mahali pa kukaribishia wageni, ambacho katika bedsita nyingi ni pazia lililotundikwa kwenye kamba, na tako la kitanda linalokunjika. Rafu yetu ya kimo cha mita moja na nusu ina uzito wa kilo tisa. Inaingia kwenye tuktuk ikiwa vipande, pamoja na mwenyewe na godoro lake.

Kijana aliuliza kama stuli ile iliyo chini ya saruji nayo iondolewe. Hapana. Hiyo si bidhaa tena, ni kipimo.

Tarehe 2 Aprili

Mvua za masika zimeanza, na kipimo kimeanza kusema. Katika wiki ya kwanza chini ya saruji ile stuli ilishuka milimita mbili, kisha ikatulia mwezi mzima, nami nikaanza kujisifu moyoni. Tangu mvua ianze imeshuka hadi milimita tisa, bila tone moja la maji kuigusa. Unyevu wa hewa peke yake unatosha. Karatasi hunywa unyevu uliomo hewani hadi ilingane nao, na katika hewa iliyojaa unyevu kama hii ya ziwani baada ya mvua ya jioni, nguvu yake ya kubeba inaweza kushuka hadi karibu nusu ya ile ya siku kavu.

Nimebadilisha michoro yote kwa kanuni moja: kila kipande cha wima kikadiriwe kubeba mara nne ya mzigo wake halisi, si mara mbili. Rafu imeongezeka kilo mbili. Nafasi kati ya nguzo za ndani imepungua kutoka sentimita 30 hadi 20. Nilikuwa nimevutiwa na wembamba wa ule mchoro wa kwanza, na nimeuhifadhi ukutani kwa kumbukumbu, lakini ulichorwa na mtu aliyekuwa akifikiria Februari.

Tarehe 13 Aprili

Rafu namba 1, tuliyompa mpangaji mmoja wa Nyalenda aitumie bure kwa mwezi ili atuambie kasoro zake, imerudi baada ya siku kumi na tisa. Juu ilikuwa nzima. Rangi ya kingo ilikuwa nzima. Sentimita nane za chini zilikuwa zimevimba, zimelainika na kuanza kuachana kama kurasa za kitabu kilichoanguka mtoni.

Nilimuuliza kama chumba kilipata mafuriko. Alinitazama kwa mshangao. "Hapana, napiga deki tu."

Kila siku asubuhi, kwa kitambaa na ndoo, sakafu nzima, kama alivyofundishwa na mama yake na kama inavyofanywa katika kila nyumba safi ninayoijua. Tulikuwa tumepima saruji, tumepima mvua na unyevu wa ziwa, na hatukuwa tumefikiria deki. Mifereji ileile inayosimama wima ili ibebe uzito ndiyo pia mirija inayonyonya maji kutoka sakafuni kwenda juu. Kadiri tulivyoielekeza vizuri kwa ajili ya nguvu, ndivyo tulivyoielekeza vizuri kwa ajili ya kunywa maji. Fundi mzee alikuja akasimama kando yangu, akaibonyeza ile sehemu iliyolainika kwa kidole gumba, na nilisubiri aseme neno uji. Hakulisema. Aliuliza tu rafu ile ilisimama juu ya nini.

Tarehe 21 Aprili

Suluhisho la kwanza lilikuwa vanishi. Tulichovya miguu ya rafu namba 2 katika vanishi ya mafuta mara tatu, tukaiweka kwenye karai lenye maji ya kina cha sentimita moja, na baada ya siku mbili ilikuwa kavu ndani. Tatizo lilikuja nilipompelekea mwenye mizani kipande kilichopakwa vanishi ili nijue atakinunua kwa kiasi gani. Alikirudisha. Kiwanda hakipokei karatasi yenye rangi ya mafuta wala plastiki, kwa sababu haiyeyuki ndani ya maji pamoja na nyingine, na kipande kimoja kinaweza kusababisha shehena nzima ikataliwe. Nilijaribu nta ya nyuki iliyoyeyushwa, nikidhani kuwa kitu cha asili kitapokelewa. Nta nayo imekataliwa kwa sababu ileile.

Hapo ndipo mradi wote ulipokwama kwa siku tano. Tulianza kwa kusema kwamba rafu yetu ikichoka itarudi kwenye mizani na kuwa karatasi tena, na hiyo ndiyo sababu ya kutumia karatasi badala ya kitu kingine. Kila kinachozuia maji kinaiondoa kwenye njia hiyo. Ukiipaka vanishi rafu nzima, umetengeneza kabati dhaifu lisiloweza kurejelewa, yaani kitu kibaya kuliko cha mbao na kibaya kuliko cha plastiki kwa wakati mmoja. Nimeona fanicha za karatasi za namna hiyo kwenye picha, zinang'aa, na chini yake zimeandikwa kuwa ni rafiki wa mazingira.

Tarehe 27 Aprili

Jibu limetoka kwa fundi mzee, naye amelitoa Kibuye. Jana alipita kwa fundi wa akala, akarudi na vipande vinane vya tairi kuukuu vilivyokatwa sentimita 6 kwa 10, viwili viwili vimeshonwa pamoja kama soli. Unene wa jozi moja ni karibu sentimita tatu. Tumekata mtaro mdogo juu ya kila jozi, mguu wa rafu unakaa ndani ya mtaro huo na kubanwa kwa kijiti kimoja cha mbao kinachopita pande zote mbili. Hakuna gundi. Siku rafu itakapochoka, kijiti kinatolewa, akala zinabaki kwa mwenyewe au zinavalishwa rafu nyingine, na kadibodi inakwenda kwenye mizani ikiwa haina vanishi, haina nta wala mpira.

Nimepiga deki mimi mwenyewe, kwa ndoo nzima, mara mbili kwa siku. Maji yanapita chini ya rafu.

"Sasa imevaa viatu," alisema mzee, akaenda zake kunywa chai.

Rafu namba 3, yenye akala na nguzo zilizokaribiana, imekwenda Nyalenda kwa mpangaji yuleyule. Ameahidi kwamba hataibembeleza. Rafu zote zitakazofuata zitavaa akala, na kingo za juu tutazifunika kwa ile karatasi ya gugu maji iliyogundishwa kwa wanga, ambayo mizani haiikatai.

Tarehe 10 Mei

Mama mmoja wa Migosi aliomba meza ya kuwekea mtungi wa gesi wa kilo 6 ule wenye kichwa cha kupikia juu. Alikuwa na fedha mkononi, nasi hatujauza kitu wiki mbili. Tumekataa.

Tulichoma mabaki nyuma ya karakana ili tuone kwa macho. Kadibodi iliyogundishwa tabaka nyingi, moto ukiigusa usoni, huungua juu na kuwa nyeusi kwa muda kabla haijashika, kwa sababu hewa haiingii ndani. Lakini moto ukigusa kingo zilizo wazi, kila mfereji huwa bomba la moshi, na kipande kinawaka kutoka ndani kwa sauti. Boraksi iliyomo kwenye gundi husaidia kidogo kupunguza mwako, si zaidi. Tangu leo kingo zote zilizo wazi zinazibwa kwa utepe wa karatasi na wanga, hata zile za nyuma zisizoonekana, na kila rafu inakwenda na maandishi yaliyochapwa kwa herufi kubwa: isikae karibu na jiko, mshumaa wala pasi. Kijana aliona kwamba maandishi hayo yatawatisha wateja. Huenda.

Tarehe 24 Mei

Kitanda. Kila mtu anayeingia hapa hutaja vitanda vya kadibodi vya wanariadha wa Tokyo katika Olimpiki iliyofanyika 2021, na wengine hurudia uvumi kwamba viliundwa ili visihimili watu wawili. Vilikadiriwa kubeba kilo 200, na mwanajimnastiki wa Ireland, Rhys McClenaghan, alijirekodi akirukaruka juu ya chake ili kuonyesha kuwa hakivunjiki. Chetu hakijafikia mahali pa kurukwa. Tako lake linakunjuka kama kinanda cha mkono, mifereji yote iko wima, na limebeba mifuko minne ya mchanga kwa wiki mbili bila kushuka zaidi ya milimita tatu. Kinachonisumbua si uzito. Ni kukaa ukingoni: watu katika chumba kimoja hukaa kitandani mchana kutwa, kwenye ukingo uleule, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kukaa. Ukingo wa mbele umelegea tayari. Nimeagiza ukanda wa mbao nyembamba upite juu yake, ingawa mzee amecheka kwamba hatimaye nimemwomba mbao.

Tarehe 12 Juni

Tumepata oda ya kwanza yenye idadi: rafu kumi na mbili kwa nyumba za kupangisha za wanafunzi huko Maseno. Mwenye nyumba hakuuliza habari ya mazingira hata mara moja. Aliuliza kama zinaweza kupandishwa hadi ghorofa ya nne na mtu mmoja, na kama rangi ya ukuta itakwaruzwa. Akala itahitaji jozi arobaini na nane, na fundi wa Kibuye amesema tairi za lori zinafaa kuliko za gari dogo, kwa kuwa hazitelezi kwenye sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Siku ya kukabidhi ni tarehe 19 Julai. Kwa mwendo wa gundi wa tabaka mbili mbili inabidi tuanze kesho, na inabidi jirani atukodishe veranda yake ya kukaushia.

Nimepita Nyalenda leo jioni nikiwa na rula. Rafu namba 3 imebeba vyombo, vitabu vya shule, redio na mfuko wa mahindi wa kilo kumi ambao haukuwa kwenye makubaliano, na imeshuka milimita nne tangu ilipowekwa. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Niliingiza karatasi kavu kati ya mguu na akala, nikaitoa ikiwa kavu, upande wa mbele na upande wa kushoto. Upande wa nyuma, karibu na mlango wa choo, ilitoka na doa la unyevu lenye ukubwa wa senti. Nitarudi tarehe 26.